Gitaa la Hori la Babu

Kule Kilema, mlimani Kilimanjaro, mtoto wa mwisho wa kiume hapangi maisha yake, anayakuta yamepangwa. Nyumba ya mama ni yake, na mama mwenyewe ni wake. Kaka zake watakwenda Arusha, watakwenda Dar es Salaam, watarudi Desemba na watoto wasiojua neno la Kichagga, watakula mtori wa ndizi, watapiga picha na mlima, halafu wataondoka. Yeye atabaki. Hakuna aliyemkalisha Basili chini akamwambia, "Wewe utabaki." Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba ng'ombe lazima akatiwe majani.

Basi Basili akabaki. Mchana alishuka Himo kwenye karakana ya kuwaindi mota. Mashine ya kusaga ikiungua mota, ililetwa kwake, akang'oa waya wote uliokuwa umegeuka mkaa na kusuka mwingine mpya. Jioni alipanda kwa mama yake, Mama Dominika, akakata majani ya ng'ombe, akawasha moto, akamenya ndizi. Miaka arobaini alishaipita. Mwanamke mmoja aliwahi kuja kuishi naye, akayatazama hayo maisha, akafungasha vyake akaondoka bila hata kugombana. Basili hakumlaumu.

Na katika maisha yake yote alikuwa anataka kitu kimoja tu, kupiga gitaa kwenye bendi ya kaka yake.

Kaka yake ni Kornel, kifungua mimba, aliyemzidi umri kwa miaka mingi sana. Kornel alikuwa na bendi Dar, ya kupiga kwenye harusi na mahoteli, na kila Desemba alikuja na shati linalong'aa akaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Basili alijifunzia gitaa la kwaya ya parokia, lile la sanduku lisilotaka umeme, na jamani, anapiga! Tusimpunguzie mtu haki yake. Watu walikuwa wanachelewa kutoka kanisani makusudi, wanajifanya wanatafuta miavuli, kumbe wanamsikiliza.

Kila Desemba alimwomba Kornel amchukue. Na Desemba moja Kornel, nyama iko mdomoni, akamjibu, "Mdogo wangu, bendi yangu haina gitaa la kumpa mtu. Njoo na lako, la umeme. Siku hiyohiyo unapanda jukwaani."

Lilikuwa neno la kumwondoa mtu karibu na sahani, basi. Kila aliyekuwepo alijua hivyo. Basili peke yake ndiye aliyelibeba likawa ahadi.

Kununua gitaa alishajaribu, lakini nyumba ya mzee ina mdomo mpana. Akijikusanyia kidogo, paa linavuja. Akianza upya, mguu wa mama unavimba. Akianza tena, ndama anaharisha. Mwisho akasema, hivi mimi si fundi? Nitalitengeneza.

Mti aliuona nyuma ya jiko. Kulikuwa na hori la babu, lile la kuchanganyia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, lililochongwa kwenye gogo moja la mringaringa. Enzi zake hakuna harusi wala matanga ya ukoo yaliyofanyika bila hori lile kujazwa. Yakaja madumu ya plastiki, hori likatupwa nyuma, likapasuka ubavu, kuku wakahamia. Mkuki wa babu na kigoda chake Kornel alikwishavichukua siku nyingi, amevitundika sebuleni kwake Dar wageni wavione. Hori alikuwa ameliacha kwa sababu halikuingia kwenye gari.

"Mama," Basili akasema, "naomba kitako cha hori. Nataka kutengeneza gitaa la umeme."

Mama Dominika alikuwa anachambua maharage. Akamtazama kwanza. "La umeme? Na umeme wenyewe huu wa kukatika?"

"Ndiyo, Mama."

"Chukua. Kuku watatafuta pengine."

Alilipasua Jumapili baada ya misa. Kitako kilikuwa kinene kama biblia ya altareni, kikavu, kigumu, na msumeno ulipoanza kukila ilitoka harufu ya mbege. Weee! Mbege ya watu waliokwisha kufa, imo ndani ya mti bado. Basili alisimama akanusa mpaka mama yake akacheka. Alichora umbo kwa mkaa, akalikata, akalipiga randa, akalisugua kwa msasa jioni nyingi, na ule mti ukatoa rangi ya asali yenye mistari ya kahawia. Shingo aliitoa kwenye fremu ya mlango wa zamani, mninga. Zile pingili za shingoni, vile vipande vyembamba ambavyo nyuzi hubanwa juu yake, alizikata kwenye vijiti vya shaba vya kuchomelea. Vifunguo vya kukazia nyuzi alivifungua kwenye gitaa bovu alilopewa na mwanakwaya mwenzake.

Kupanga pingili ndiko kulikomtesa. Alichukua ukanda wa karatasi ngumu, akaulaza kwenye gitaa la kwaya, akaweka alama kila pingili ilipo, akahamishia kwenye shingo yake. Alama zilikuwa sawasawa. Lakini kile kidaraja cha chini kinachoshika nyuzi alikifunga kwa kukadiria macho, na gitaa likatoka na uongo: nyuzi zikiwa wazi linaimba vizuri, ukibana juu linalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Akaziba matundu kwa vijiti na gundi, akapima, akatoboa upya. Akakosea tena. Akaziba tena. Mara ya tatu likasema kweli.

Likabaki sikio. Basili alikiita hivyo kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi, sumaku iliyozungushiwa waya, ambacho husikia nyuzi zinavyotetemeka na kupeleka habari kwenye spika. Sumaku alizitoa kwenye spika zilizokufa. Waya, yeye si ndiye mtu wa waya? Akazungusha waya wa mota, ule anaoujua kwa vidole. Akaunganisha kwenye redio yao ya kaseti, akapiga. Ikatoka sauti ya mbu aliye chumba cha pili.

Alikifungua jioni ileile. Kosa alilijua mwenyewe: waya ule ni mnene, hauwezi kuzunguka mara za kutosha kwenye nafasi ndogo vile. Alihitaji waya mwembamba kama unywele, na waya wa namna hiyo umo ndani ya zile swichi kubwa za kuwashia mota. Kila swichi iliyoungua pale Himo akaiomba. Akazifumua taratibu, akatafuta sehemu ambazo moto haukufika. Tatizo likawa kuuzungusha, maana ukivuta kwa nguvu unakatika, ukilegeza unajikunja.

"Lete hapa kwenye cherehani," Mama Dominika akasema.

Alikuwa na cherehani ya mkono, aliyowashonea wanawe wote kaptura za shule. Basili akafunga sikio lake pale panapojazwa uzi wa bobini. Mama akazungusha mpini, polepole, bila kusita, mkono wake mmoja ukiwa magotini. Basili akaongoza waya kwa ncha za vidole. Jioni ile walizungusha mpaka chai ikapoa. Ulikatika, wakaanza upya. Ukakatika tena, Basili akatukana, mama akamwambia asitukane mbele ya picha ya Bikira Maria, wakaanza upya.

Siku walipomaliza alichomeka kwenye redio. Kwanza likaja vumo kubwa, Basili akafa moyo. Halafu akagusa nyuzi kwa kiganja, na vumo likapungua. Akaruka! Akaunga waya mmoja kutoka kwenye kidaraja kwenda kwenye chuma cha redio, vumo likabaki dogo, la kuvumilika. Akapiga.

Ilikuwa sauti nene, yenye ukwaru kidogo, inakaa hewani halafu inaondoka bila haraka. Akapiga wimbo wa mavuno wanaouimba kanisani, akaupiga kwa kuuchezesha. Hilda, jirani yao, akapenya migombani na kisu cha kukatia ndizi mkononi akiuliza kuna sherehe gani na mbona hakualikwa. Ng'ombe alikuwa anatafuna tu. Basili alikuwa analia, hakuficha.

Mama Dominika akamwita aketi karibu naye. "Sasa nenda," akasema.

"Niende wapi, Mama?"

"Kwa kaka yako. Kornel alisema uje na lako. Hili hapa lako. Mimi Hilda ataniletea uji, si ndiyo, Hilda?"

"Nitaleta, Mama. Na mtori nitaleta," Hilda akasema.

"Nimekukalisha hapa vya kutosha. Nenda nikiwa bado na akili zangu za kukuruhusu."

Maneno hayo Basili alikuwa hajawahi kuyaota. Mama ndiye aliyekuwa kamba, na mama mwenyewe ameifungua! Wiki zilizobaki kufikia Krismasi alikuwa anapiga mluzi mpaka karakana nzima ikamchoka.

Kornel alifika siku mbili kabla ya Noeli. Mbuzi akachinjwa, wanaume wa ukoo wakakaa uani, na baba mdogo Denis, mdogo wa marehemu baba yao, akiwa ndiye mkubwa wa kikao. Basili akawaamkia wote shikamoo kwa zamu, kisha akalitoa gitaa ndani akalichomeka.

Akapiga. Uani pakatulia. Hata wale watoto wa Dar wakaacha simu zao. Kornel aliyekuwa amejiegemeza akakaa wima, na Basili, aliyekuwa anamwangalia yeye tu, akaona uso wa kaka yake umebadilika. Siyo uso wa furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona kitu anachokitaka.

"Lete nilishike," Kornel akasema. Akalipapasa, akapiga nyuzi mbili tatu. "Hii sauti! Hii sauti huipati dukani. Mti gani huu?"

Jamani. Angesema mkangazi. Angesema mbao ya kununua Moshi mjini, nani pale angembishia? Lakini mtu akiwa amefanya kitu kizuri mara moja tu katika maisha, unategemea anyamaze?

"Ni lile hori la babu," Basili akasema, na kifua kimemjaa. "Kitako chake. Nusa hapo kaka, utasikia mbege."

Kornel akanusa. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamgeukia baba mdogo Denis, akamwita kwa heshima ya Kichagga. "Mbe, vyombo vya babu ni vya nani?"

Aliuliza kama utani. Basili naye akacheka. Lakini mzee Denis hakucheka, kwa sababu ameulizwa jambo la ukoo mbele ya ukoo. Akafikiri, akapangusa mikono, akajibu anavyojua: nyumba ya mama ni ya kitinda mimba, vyombo vya baba na babu ni vya kifungua mimba. Mkuki, kigoda, hori.

"Lakini hori limeshakuwa gitaa," Basili akasema.

"Mti ni uleule," mzee akasema. "Ulipaswa kumuuliza kaka yako kabla ya kulipasua. Ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza Mama."

Wanaume wakatazamana. Mama Dominika akatokea mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. "Mwache mtoto aende nalo mwenyewe!" akasema. "Mimi nimemruhusu!"

"Shemeji," Denis akasema kwa upole, "haya tuachie sisi."

Upole huohuo ndio unaotia hasira. Wangempigia kelele, Basili naye angepata pa kupigia kelele.

Kornel akamshika bega. "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Natangulia nalo nikalijaribu na vyombo vyetu. Gari limejaa watoto, unaona mwenyewe. Januari nakuita. Gitaa likiwa langu au lako si tutalipiga nyumba moja?"

Na Basili akakubali. Angefanya nini? Alilifunga mwenyewe ndani ya blanketi, akalilaza nyuma ya gari juu ya mikungu ya ndizi, akamwambia kaka yake asilikaze sana nyuzi kukiwa na jua. Kornel akasema aika, asante ya kwetu, akapiga honi, akaondoka.

Januari ikapita. Februari Basili alipiga simu, Kornel akasema mambo yamebana, vumilia. Machi mtu wa Himo akamwonyesha video kwenye simu: harusi, taa za rangi, na kijana mmoja mwenye nywele za bluu amelishika lile gitaa. Basili akaomba simu akaiweka sikioni. Chini ya ngoma na vinanda akalisikia lile vumo dogo lililobaki, alilokuwa ameshindwa kulimaliza. Akalijua kama mtu anavyojua kikohozi cha ndugu yake. Akarudisha simu, akaendelea na mota iliyokuwa mezani.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Mama Dominika alitia chumvi mara mbili kwenye chungu. Halafu alimwita Basili kwa jina la marehemu mumewe. Siku moja Hilda alimkuta njiani na kanga moja tu, anasema anakwenda kuchukua watoto shuleni. Baada ya hapo Basili alikuwa anawahi kupanda kutoka Himo, na kazi nyingine akaanza kuzikataa.

Masika yalipokolea, Kornel akaja. Hakuja na gari. Alipanda kwa pikipiki, suruali imejaa matope, akapitia kwanza kwa mzee Denis, wakaja pamoja kwa miguu. Basili alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliwaona wakitokea migombani, akaona mikono ya Kornel haina gitaa. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale.

Isale tunaipanda mpakani mwa vihamba, yale mashamba ya nyumbani, na juu ya makaburi, na kila mtoto wa mlimani anajua maana ya mtu kukujia na jani lake limefungwa fundo. Anakuja kuomba msamaha. Na ukiletewa isale hukatai. Awe amekuibia, awe amekuulia ndugu, hukatai. Ukishalipokea, jambo lile limezikwa. Halidaiwi tena, halitajwi tena, siyo kwa hasira wala kwa mzaha.

Basili akaangusha panga. Alitaka kukimbia. Kweli kabisa, mtu mzima na mvi zake alitaka kukimbilia migombani ajifiche, kwa sababu asipokutwa hatapewa lile jani, na asipopewa atabaki na hasira yake, ambayo ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho.

"Shikamoo kaka," akasema.

"Marahaba, Basili." Kornel alikuwa amezeeka. "Joto la Dar liliukausha mti. Ukapasuka katikati. Yule kijana akalazimisha nyuzi, shingo ikang'oka. Nikampa fundi wa mtaani aliunge, fundi akahama, simu haipatikani. Nimemtafuta, Mungu ni shahidi."

"Nitakuja nilitengeneze. Nitamtafuta mwenyewe huyo fundi. Kaka, nichukue tu."

"Nikuchukue wapi? Bendi haipo. Nimeuza spika, nimeuza ngoma. Hakuna kitu, mdogo wangu. Hakuna."

Mvua ilikuwa inaanza tena, ile nyembamba. Basili akafungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi, ameyapanga usiku na mchana tangu Januari. Alitaka kusema, wewe mkuki ulichukua, kigoda ulichukua, vyote umevitundika ukutani, hiki kimoja kilikuwa pumzi yangu. Lakini Kornel alikwishapiga goti kwenye matope, amenyoosha jani kwa mikono miwili, na mzee Denis amevua kofia.

Mama Dominika alikuwa amekaa kibarazani. Siku hiyo akili ilikuwepo, akaelewa kila kitu. "Pokea, mwanangu," akasema. "Utafanyaje? Pokea."

Akalipokea.

Kornel akainuka, akashusha pumzi, akafuta macho. Baada ya muda alikuwa jikoni anauliza kama kuna mbege kwa jirani. Alikula kiburu cha ndizi na maharage akaongeza. Alilala usingizi mzuri, asubuhi akaondoka, na Basili akamsindikiza mpaka barabarani kama inavyotakiwa.

Sasa Himo haendi tena, maana Mama hawezi kuachwa. Watu wakimletea mota anaisukia nyumbani, mezani, karibu na ile cherehani. Ule ubavu wa hori uliobaki alishaukata ukawa kuni. Na mama yake amesahau karibu yote: amesahau kwamba alimruhusu aende, amemsahau Kornel akiwa amepiga goti kwenye matope, amelisahau lile jani. Kitu kimoja tu ndicho kimegoma kumtoka.

Jioni, uji ukishaiva, anamgeukia mwanawe. "Baba, mbona siku hizi hulipigi lile gitaa letu? Mimi nilizungusha mpini, mkono ukaniuma."

Na Basili hawezi kusema limekwenda wapi, wala nani alilichukua, maana alipokea isale, na jambo limezikwa.

"Nimechoka tu leo, Mama," anamwambia, anampulizia uji kwenye kijiko. "Kesho nitakupigia."

"Basi kesho usisahau."

"Sitasahau, Mama."